Upinde wa Kimya

Mtu akikwambia anapiga fidla kwenye okestra ya watu wasiolipwa, usimwonee wivu. Mpe pole. Ukumbi wao ni darasa kubwa la shule ya msingi ambalo mlinzi hulifungua akijisikia, na viti ni vya watoto, hivyo mtu mzima akikaa magoti yanakaribia kidevu. Akija mpiga tarumbeta, mpiga ngoma yuko zamu. Akirudi mpiga ngoma, filimbi zimekwenda msibani. Kila mmoja ametoka kazini na njaa yake, na nyumbani ameacha mtu aliyenuna. Lakini Jumanne ikifika, wanakuja. Ukiwauliza kwa nini, watakusimulia jioni moja ya zamani ambayo wote walishika sauti moja, ikakaa sawa kabisa, mpaka mlinzi akaja kuchungulia dirishani. Sauti yenyewe haikudumu hata muda wa kumeza mate. Kwa ajili ya hiyo wanavumilia Jumanne zote nyingine. Mimi nasema huo ni wendawazimu, ila ni wendawazimu wa heri.

Katika kundi hilo alikuwemo mwanamke waliyemwita Mkasi. Kazi yake ilikuwa kukata vitambaa vya sare za shule kwenye karakana ya ushonaji. Alitandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, akachora kwa chaki, kisha akapitisha mashine ya kukatia, na akikosea hapo, amekosea suruali za darasa zima. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Hata ulimi wake ulikata. Mshonaji akileta mfuko uliopinda, Mkasi alimwambia palepale mbele ya wenzake, na akinuna, shauri yake. Mtu mmoja tu duniani aliufanya ulimi huo uwe butu, na mtu huyo alikaa naye bega kwa bega kila Jumanne.

Huyo alikuwa kaka yake. Watu walimwita Rula, kwa sababu alikuwa mchoraji wa mabango, na enzi zake alivuta mstari ulionyooka ukutani kwa mkono mtupu. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyebaki kuwa baba, na mama pia, mama mwenye masharubu. Alimlea mdogo wake, akamsomesha, akamfundisha fidla kwenye kibanda chake cha kazi katikati ya makopo ya rangi. Binti akikosea noti, kaka mtu aligonga kopo kwa mpini wa brashi, ngo! na wimbo ukaanza upya. Alikuwa mkali, lakini ukali usio na kinyongo. Alikugombeza sasa hivi, na sasa hivi hiyohiyo akakumegea chakula chake.

Tangu okestra ianze, Rula ndiye aliyekuwa kiongozi wa fidla za pili. Fidla za kwanza huimba wimbo na kusifiwa. Za pili hushika sauti iliyo chini ya wimbo ili usiporomoke, na hakuna anayezikumbuka. Mwaka uliopita alimwachia dada yake uongozi. Alisema macho yamechoka. Akahamia kiti cha pembeni yake, wakawa wanasoma noti kwenye stendi moja, yeye akigeuza kurasa.

Sasa, fidla za pili walikuwa na desturi yao, na aliyeianzisha ni Rula mwenyewe. Kwenye kabati la darasa kulikuwa na upinde mmoja wa ziada ulioitwa Kimya. Upinde wa kawaida hupakwa ulimbo, ile gundi kavu inayofanya nywele zake zing'ang'anie nyuzi na kuzifanya zitoe sauti. Kimya ulipakwa sabuni. Ukiupitisha kwenye nyuzi unateleza tu, hausemi kitu. Onyesho likikaribia, kama kuna mtu ambaye hajauweza muziki na atawaharibia wenzake, kiongozi alimfuata, akamtazama usoni, akampa Kimya na kumwambia, "Safari hii utatusindikiza." Naye alijibu, "Nitawasindikiza." Siku ya onyesho alikaa na wenzake, mkono ukaenda na kurudi pamoja nao, na watazamaji hawakujua lolote. Masharti yalikuwa mtu aambiwe mapema, na aambiwe na kiongozi wake uso kwa uso. Karibu kila mtu aliwahi kupewa. Wenzake walimtania, "Jikaze kisabuni!" wakacheka, yakaisha. Mkasi naye alipewa kwenye onyesho lake la kwanza, tena na kaka yake, siku ileile kaka alipomsikia na kuona hajawa tayari. Alilia chooni mpaka macho yakavimba. Mwaka uliofuata alipiga.

Mambo yaliharibika Jumanne moja, onyesho likiwa limekaribia. Walikuwa kwenye muziki wa pili, ule wa polepole. Mahali fulani okestra nzima hunyamaza, fidla za pili hubaki peke yao zikishika sauti moja ndefu na laini, kisha filimbi inaingia juu yake. Ni sauti moja tu, hata mwanafunzi wa jana anaijua. Lakini sauti ndefu ya polepole ndiyo inayomuumbua mtu, maana haina pa kujificha. Na ndani ya sauti ile siku hiyo kulikuwa na kitu kinachogongagonga, kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

Mwongozaji wa okestra alikuwa daktari wa meno, na wote walimwita Daktari. Alishusha kijiti chake.

"Kuna upinde unaruka huko. Wa nani?"

Fidla za pili wote walitazama viatu vyao.

"Nauliza, wa nani?"

"Wangu, Daktari," akasema mwalimu wa hesabu, aliyekaa nyuma ya Rula. "Samahani sana. Leo nimesahihisha madaftari mchana kutwa, mkono umekufa ganzi."

Ulikuwa uongo mtupu. Mwalimu yule mkono wake ulikuwa umetulia kama meza. Mkasi alijua, kwa sababu alikuwa akiutazama mkono wa kaka yake, na mkono huo ulitetemeka kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole, na upinde ulitetemeka nao. Haikuwa mara ya kwanza kuuona. Rula alikodolea noti macho. Walirudia mahali pale, upinde ukaruka tena, na safari hii Daktari hakuuliza. Funika kombe mwanaharamu apite.

Walipokuwa wanapanga viti, Daktari alimvuta Mkasi hadi mlangoni.

"Mimi si kiziwi, Mkasi. Mpe Kimya."

"Ni kaka yangu, Daktari."

"Najua ni kaka yako. Ndiyo maana nakwambia wewe, sikumwambia yeye."

"Desturi ya Kimya aliianzisha yeye mwenyewe."

"Basi hutahitaji kumweleza. Sikiliza, watu watakuwa wamenunua tiketi, na ile sauti ikiharibika, filimbi haina pa kusimama. Unampa au nimpe mimi?"

"Nitampa," akasema Mkasi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawakusema dada wa mchimbaji afanye nini akiambiwa amsukume.

Siku iliyofuata alitoka karakana mapema, akaenda kibandani kwa kaka yake huku ameshayapanga maneno. Alimkuta Rula amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anapanga makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangika tayari. Mteja mmoja alikuwa anatoka, amekunja uso.

"Anataka bango la duka la viatu," Rula akaeleza bila kuulizwa. "Nimemwambia nina kazi nyingi."

Mkasi alitazama huku na huku akizitafuta hizo kazi nyingi. Aliona ubao mmoja tu umeegemezwa ukutani, herufi zake zote zimechorwa kwa penseli, ya kwanza tu imepakwa rangi. Ukingo wa herufi hiyo ulikuwa umekatikakatika kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Mtu mwingine angeuleta ubao kama huo karakana, Mkasi angemwambia akauchome kama kuni.

"Unaonaje?" Rula akauliza.

"Ni... rangi yake nzuri."

"Mm." Kaka mtu aliuingiza mkono wa kulia mfukoni. "Umekuja kusema nini?"

"Nimepita tu. Nilikuwa njia moja."

Hakukuwa na njia yoyote ya kutoka karakana kwenda nyumbani kwake iliyopita pale, na wote wawili walilijua hilo. Alirudi na maneno yake yote mdomoni, machungu kama kidonge kilichokataa kushuka.

Kabla wiki haijakwisha, wifi yake, mke wa Rula, alikuja karakana wakati wa chakula cha mchana. Hakuwa na kawaida ya kufika pale. Alimsubiri Mkasi azime mashine, akamshika kiwiko, akamtoa nje penye marobota ya vitambaa.

"Wifi yangu, niambie ukweli. Kaka yako anakunywa?"

"Kaka? Tangu lini kaka akanywa?"

"Ndicho ninachokuuliza mimi! Akinyoa anajikata. Chai nusu inaishia kwenye sahani. Nikimtazama anageukia ukutani. Jana kitasa kimemshinda, anahangaika na ufunguo mlangoni kama mlevi, mimi nipo ndani namsikiliza. Ananuka rangi, kwa hiyo siwezi hata kunusa vizuri. Nanusa mashati yake, wifi, mtu mzima kama mimi."

"Kaka hanywi."

"Basi ana nini?"

Mkasi alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini kama hakuwa amemwambia mwenye mkono, atamwambiaje mke wa mwenye mkono? Akasema ni uzee tu, na kazi zimepungua, na mwanaume akikosa kazi hukosa raha. Wifi alimwachia kiwiko.

"Sawa," akasema. "Nawe umekuwa kama yeye."

Likaja zoezi la mwisho, Jumanne kabla ya Jumamosi ya onyesho. Mkasi alifika mapema, akakitoa kisanduku cha Kimya kabatini, akakiweka chini ya kiti chake, akapiga moyo konde. Rula aliingia amevaa shati lililopigwa pasi, amechangamka kuliko alivyokuwa miezi mingi. Alimtania dada wa benki, mwenzao wa fidla za pili, kwamba upinde haushikwi kama kalamu ya kusainia hundi. Kisha akamwinamia Mkasi sikioni.

"Jumamosi, mdogo wangu. Ile sauti ndefu tutaishika mpaka watu wasahau kupumua."

Sasa wewe ungemwambia nini? Mkasi alikirudisha kisanduku nyuma kwa kisigino, taratibu, mpaka kikafichika. Upinde wa Rula uliruka jioni nzima. Mwalimu wa hesabu alikohoa kila sauti ilipogongagonga. Dada wa benki aliangusha penseli, akainama kuitafuta mahali pale pale, kila mara. Na Daktari alipomuuliza mlangoni, "Umemwambia?" Mkasi alijibu, "Nimemwambia. Leo ameomba apige kwa mara ya mwisho." Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka mzima mzima, hata bila kukwama.

Jumamosi alasiri walikusanyika nyuma ya ukumbi wa kuazima. Watu walikuwa wameanza kuingia; viti vilisikika vikiburuzwa. Mkasi alikuwa hajala tangu asubuhi. Kila alipomtazama kaka yake kwenye suti yake nyeusi, akipaka upinde ulimbo kwa mkono usiotulia, alianza kuhesabu upya kurasa za noti. Mwishowe Daktari aliingia, akamwona Rula na ule ulimbo, akamgeukia Mkasi kwa macho ambayo hayakuhitaji maneno. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Kaka. Njoo mara moja."

Walisimama kwenye stoo ya viti vilivyovunjika. Mkasi alikifungua kisanduku. Alikumbuka sharti la kumtazama mtu usoni, akajitahidi, lakini macho yaliishia kwenye tai.

"Safari hii utatusindikiza."

Rula aliutazama upinde. Hakuugusa. Akanyoosha mguu, akausukuma mlango ukajifunga.

"Umejua tangu lini?"

"Kaka, wanatusubiri..."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu siku ile Daktari aliposimamisha. Na kabla yake kidogo."

"Mwalimu aliposema ni mkono wake, ulijua anadanganya."

"Ndiyo."

"Na vile vikohozi. Na ile penseli ya dada wa benki." Alikuwa anayaunganisha sasa, moja baada ya jingine, na uso wake ulizidi kukaza. "Wote mlijua."

"Nilikuonea huruma, kaka."

"Huruma!" Alilisema kwa sauti ya chini, na bora angefoka. "Nimekaa pale Jumanne baada ya Jumanne natetemeka mbele za watu. Unajua nilikuwa najiambia nini? Najiambia hawasikii. Kwa sababu wangesikia, mdogo wangu angeniambia. Yule ana ulimi, hawezi kuninyamazia mimi. Nilikuamini wewe, nikaendelea kujiaibisha! Wewe nilikupa upinde huu siku ileile. Siku ileile! Ulilia, sawa. Lakini kuna mtu aliyekohoa ili kukufunika?"

Mkasi alitaka kusema samahani, ila neno lilikuwa dogo mno, angeona aibu kulitoa. Rula aliuchukua Kimya kwa mkono wa kushoto, akauacha upinde wake mwenyewe juu ya kiti kibovu, akatoka. Lile jibu la desturi hakulisema.

Walipanda jukwaani. Muziki wa kwanza ulikuwa wa kasi, wenye kelele nyingi, na kelele husitiri. Rula alikaa wima pembeni ya dada yake, upinde wake ukienda na kurudi na wenzake bila kukosea upande, na sauti haikutoka. Vidole vya mkono wa kushoto vilikanyaga kila noti kama kawaida. Kurasa aligeuza kwa wakati. Hakumtazama Mkasi hata mara moja, na Mkasi alipiga huku akiwaza kwamba akimpoteza huyu amepoteza baba kwa mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake.

Ukaja muziki wa polepole. Okestra ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Fidla za pili wakabaki peke yao, watu watatu wenye sauti na mmoja asiye nayo, wakaianza ile sauti ndefu. Ilianza safi. Hakuna kilichogonga, hakuna kilichoruka, na pale mbele Daktari alilegeza mabega.

Kisha ikaanza kuzama. Ni kidogo sana, mtazamaji asingejua. Nyuma yao, mwalimu wa hesabu aliingiwa na woga wa ukumbi ulionyamaza, kidole chake kikateleza chini unywele mmoja. Dada wa benki akamfuata. Sauti mbili zilianza kusuguana ndani ya sauti moja. Mkasi alizisikia, akachanganyikiwa: wao ndio walioshuka, au ni yeye aliyepanda? Siku zote katika sauti hiyo kulikuwa na mtu pembeni yake. Mkono wake ulitetemeka, ndiyo, upinde wake uliruka, lakini kidole chake hakikuwahi kukosea mahali, na wote, bila kujua, walikuwa wakimwegemea yeye. Sasa ameondolewa. Mkasi mwenyewe ndiye aliyemwondoa. Alianza kushusha kidole awafuate wale wa nyuma, ili angalau wazame pamoja. Mpiga filimbi alikuwa ameshainua filimbi mdomoni. Akiingia hapo, ataingia kwenye matope.

Ndipo Rula alipoanza kuimba. Alifumba mdomo, akaitoa sauti puani, chini kabisa, bila maneno, noti ileile waliyotakiwa kuishika. Upinde wenye sabuni uliendelea kupita juu ya nyuzi kama kawaida, uso wake ukielekea kwenye noti, na mtu wa safu ya mbele angeapa kwamba mzee yule anapiga fidla. Sauti yake haikutetemeka. Mkasi aliisikia kwenye bega kabla ya sikio. Akarudisha kidole juu. Akaegemea pale. Nyuma yake mwalimu alimsikia, akapanda. Dada wa benki akapanda. Sauti mbili zikasogeleana, zikagusana, zikawa moja, na ile moja ikakaa. Filimbi ikaingia juu yake, ikasimama bila shida yoyote.

Mkasi alijawa na furaha ambayo hakuwa na haki nayo, na aliilia palepale jukwaani, machozi yakidondokea kwenye mbao za fidla, bila kuacha kupiga.

Watu walishangilia sana. Nyuma ya jukwaa Daktari aliwapa mikono wote, akamwinamia Mkasi. "Ilikuwa nzuri, nzuri sana. Ila mahali pale niliona kama kuna friji inanguruma. Hukusikia?" Mkasi alisema hakusikia. Huo ndio ulikuwa uongo wake wa mwisho siku hiyo.

Alimkuta kaka yake nje, anaondoka bila kuaga. Akamkimbilia, wakatembea bega kwa bega barabarani, jua likiwa bado lipo, maduka yakiwa wazi. Rula ndiye aliyeanza.

"Mlishuka."

"Tulishuka."

"Kiongozi hawafuati walioshuka. Ukijua uko sahihi, unabaki peke yako mpaka wakufuate."

"Sikujua kama niko sahihi."

"Sasa ndiyo ujifunze kujua." Alikuwa bado na hasira, lakini alikuwa anamgombeza, na kumgombeza kulikuwa ni nyumbani. Mkasi akapata nguvu.

"Kaka, Jumatatu naomba ruhusa kazini. Twende hospitali."

"Nimeshakwenda."

"Lini?"

"Kabla sijakuachia kiti." Alikunja kona bila kumtazama. "Si macho. Wamesema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Utazidi, polepole. Dawa za kupunguza zipo, za kuondoa hakuna."

Mkasi alisimama. Rula naye akasimama, hatua chache mbele.

"Wifi anajua?"

"Yule ana presha. Nikimwambia hatalala. Namwonea..."

Akaishia hapo. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni, nusu lake limetoka, na alilisikia kabla hajalimaliza. Mkasi angeweza kumwachia tu. Siku nyingine angemwachia.

"Anadhani unakunywa, kaka. Alikuja karakana kuniuliza. Ananusa mashati yako ukilala."

"Ananusa mashati?"

"Kila siku. Anakusikiliza unavyohangaika na kitasa, anadhani umelewa. Mimi nilijua, nikamficha. Leo hafichwi. Unamwambia wewe, au namwambia mimi?"

Rula alimkazia macho, na Mkasi hakuangalia tai. Mbele ya duka la viatu, watu wakiwapita kulia na kushoto, ndugu hao wawili walisimama wakitazamana. Kisha kaka mtu akashusha pumzi.

"Ulimi umerudi," akasema, akageuka kuelekea kwake.

Wifi aliwafungulia mlango, akaanza kuuliza onyesho limekwendaje, akaona nyuso zao, akawapisha waingie. Rula hakuvua koti. Hakukaa.

"Mke wangu, sinywi. Mkono wangu unaumwa. Ni ugonjwa, na hautaondoka. Nimejua tangu mwaka jana, nikakuficha."

Mwanamke yule alijibwaga kwenye kochi. Alimtazama mumewe, akamtazama wifi yake, akaweka mikono usoni, na mabega yakaanza kumtikisika, usijue analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Nimemwaga thina yako ya kuzimulia rangi," akasema kwenye viganja vyake. "Chupa mbili. Nilidhani ni pombe umeificha kwenye chupa za thina. Nikamwaga chooni."

"Ndiyo maana sikuziona!"

"Ndiyo maana choo kinanuka!" akajibu mkewe.

Kisha kicheko kikaisha, kikabaki kile kingine. Wifi alijifuta macho kwa upindo wa kanga yake, akanyoosha mkono.

"Unauma?"

"Hauumi."

"Ulete hapa niuone."

Rula akautoa mkono mfukoni na kumpa. Mkewe aliushika kwa mikono yake miwili, akaona kwamba hautulii hata ukishikwa, akaendelea kuushika. Baadaye aliinuka, akaleta chai, akammiminia mumewe kikombe hadi ukingoni kama anavyommiminia mgeni yeyote. Rula akakiinua kwa mkono uleule. Chai ilimwagika kwenye sahani na kwenye meza, na hakuna aliyejifanya hakuona.